Ukiitika "Naam" Umekubali?

Mzee akiitwa na jirani yake huitika, "Naam!" Vijana wa siku hizi wengi wanaitika "Eeh?" au "Unasemaje?" Wazee hawapendi, na sisi tunaona wana haki. Naam ni neno la heshima.

Neno hili limetoka katika Kiarabu, na maana yake huko ni ndiyo. Sisi tumelipokea, tukalipa kazi zaidi ya moja. Kazi ya kwanza ni kuitika. Kwa desturi wanaume ndio huitika "naam", na wanawake huitika "bee" au "abee". Hapo mtu hajakubali jambo lo lote. Anasema tu: nipo, nimesikia. Ukilitamka kwa kuuliza, "Naam?", maana yake sikusikia vizuri, hebu sema tena. Kisha kuna naam ya kukubali hasa: "Umepalilia mahindi?" "Naam, nimepalilia."

Basi hapa pana hatari. Tuseme mtu anataka kununua shamba la mzee. Amekuja na karatasi ya mauziano, anaisoma mbio mbio. Kila akifika kwenye nukta, mzee anasema, "Naam, naam," yaani nasikia, endelea. Mara mnunuzi anawageukia mashahidi: "Mmemsikia? Amekubali!" Mbona mzee hajakubali bado? Hapo aseme wazi: "Nimesikia, lakini sijakubali. Lete hiyo karatasi niisome mwenyewe." Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tusione haya kusoma polepole mbele ya watu. Anayeuza shamba ni wewe, yeye angoje.

Hata katika ndoa ni hivyo hivyo. Binti akiitwa na baba yake akaitika "Abee, baba," ameitika mwito tu, hajamkubali mchumba. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka mume na mke wakubali kwa hiari yao wenyewe. Kwa hiyo binti aulizwe, na jibu lake lisikike.

Na "ndiyo" nayo ina mtego wake. Mwenye duka akikuuliza, "Hujalipa deni?" nawe ukajibu "Ndiyo," umekubali kwamba hujalipa! Kama umelipa, jibu "Nimelipa," halafu mwonyeshe stakabadhi.