TUSOME UMRI WA MTI KWENYE KISIKI

Ndugu msomaji, umekwisha jifunza kusoma herufi na tarakimu. Leo tusome maandishi ya mti.

Mti hunenepa kwa nje, chini ya gamba. Katika nchi za baridi kali za kaskazini, kama Finland na Urusi, wakati wa theluji miti haikui. Joto likirudi, hukua tena. Hivyo kila mwaka mti huongeza pete moja. Wataalamu huko huzihesabu.

Sisi hatuna theluji, lakini tuna kiangazi. Huku kwetu Uyole, na kule Mufindi na Njombe, mvua huanza Novemba. Msindano hukua haraka, na sehemu mpya huwa nyeupe na laini. Mvua zikiisha Mei, ukuaji hupungua. Sehemu hiyo huwa nyembamba, nyeusi na ngumu. Mkanda mweupe na mweusi pamoja ni pete moja, yaani mwaka mmoja.

Jaribu mwenyewe. Tafuta kisiki cha msindano kilichokatwa karibuni. Kichonge kwa panga kali mpaka kiwe laini, kisha kilowanishe. Hesabu kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gamba. Pete pana ni mwaka mzuri. Pete nyembamba ni mwaka wa ukame, au miti ilisongamana mno. Pengine mvua hukatika, mti ukaweka pete mbili kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo hesabu visiki vitatu au vinne, ulinganishe. Milingoti haionyeshi pete vizuri.

Je, hesabu hii ina faida gani? Wanunuzi hupita vijijini wakitaka misindano ya miaka 8 au 10. Ada ya shule ikibana, mtu huuza. Hatumlaumu. Lakini pete za karibu na kiini ni dhaifu; mbao zake hujipinda. Mbao imara hutoka kwenye pete za nje, zinazokuja baadaye.

Tena, mti wenye upana wa sentimita 20 una mbao mara nne ya mti wa sentimita 10, urefu ukiwa sawa. Upana umeongezeka mara mbili tu, mbao mara nne!

Basi, ndugu mkulima, kabla hujapatana bei, jua umri wa miti yako na upime unene wake. Ukiwa na shaka, muulize bwana misitu. Shida ikikubana, uza michache, mingine iache iongeze pete.