Mbaruk wa Gazi: Mwasi au Mwenye Haki?

Kwa mila za Wamwera wa Nachingwea na Ruangwa, anayemrithi mkubwa wa ukoo ni mpwa, mtoto wa dada. Hata kanuni ikiwa wazi namna hiyo, ndugu hugombana. Isipokuwa wazi, mikuki haiko mbali. Takaungu, karibu na Kilifi, haikuwa wazi. Salim bin Khamis, mkuu wa Wamazrui wa huko, alipofariki Februari 1895, mwanawe Rashid alikitaka kiti, na Mbaruk, mtoto wa kaka yake aliyetawala kabla yake, alikidai vilevile. Kampuni ya Waingereza iliyoendesha pwani hiyo kwa jina la Sultani wa Zanzibar ikampa Rashid, kwa kuwa ndiye iliyemwona rafiki. Ugomvi huo ndio uliomwingiza vitani mzee wa jina hilohilo, Mbaruk bin Rashid wa Gazi. Watawala walimwita mwasi. Mimi naona neno hilo linaficha jambo kubwa: Mbaruk aliishi kwa mwanya uliokuwapo kati ya wenye enzi walioshindana, na alianguka mwanya huo ulipozibwa.

Alizaliwa katika enzi. Baba yake ndiye Mmazrui wa mwisho kutawala Mombasa, hadi Seyyid Said alipoutwaa mji mwaka 1837 na kuwafunga wakuu wa ukoo huo. Waliosalia walihamia Takaungu na Gazi. Kutoka Gazi, Mbaruk alipigana na Mabusaidi, ukoo wa Seyyid Said na masultani wa Zanzibar, mara kadhaa, na kila alipobanwa alikimbilia Mwele, ngome yake ya msituni bara. Mwaka 1882 jeshi la Sultani Barghash, chini ya Lloyd Mathews, liliizingira Mwele. Mbaruk akaponyoka, na baadaye wakapatana. Mwaka 1886 alipandisha bendera ya Wajerumani Gazi. Kampuni ya Waingereza ilipofika mwaka 1888, alipokea posho yake.

Msomaji atauliza: mtu anayegeuza bendera hivyo, si msaka maslahi tu? Maslahi aliyatafuta, ndiyo. Lakini hata Richard Neville, mkuu wa Warwick huko Uingereza, alimsaidia Edward IV kushika ufalme mwaka 1461, kisha mwaka 1470 akamrudisha Henry VI, na mwaka uliofuata akauawa vitani Barnet. Wafalme wawili wakigombea kiti kimoja, kila mmoja humhitaji mkubwa mwenye watu, naye hupata nafasi ya kuchagua. Mbaruk alikuwa na nafasi hiyo muda wote Sultani, Wajerumani na Waingereza walipoviziana. Mwaka 1895 ilikuwa imekwisha: pwani imegawanywa, na Julai 1 serikali ya Uingereza ikaichukua kutoka kwa kampuni. Wakati huo Mbaruk wa Takaungu, akiwa ameshambuliwa, alikuwa amekimbilia Gazi. Mzee akakataa kumtoa ndugu yake. Kwa hesabu ya maslahi, kumtoa kungemfaa zaidi. Hapo ndipo dai la usaka maslahi linapokwama. Agosti 17 Mwele ikatekwa na jeshi la Admirali Rawson. Vita vya msituni viliendelea mpaka Aprili 1896, Mbaruk alipovuka na wafuasi wake hadi kwa Wajerumani. Alikaa Dar es Salaam mpaka alipofariki mwaka 1910. Kusini mwetu, Machemba, mkuu wa Luagala, alibanwa vivyo hivyo na Wajerumani, akavuka Ruvuma mwaka 1899.

Pingamizi zito zaidi ni la watumwa wake na la Wadigo, ambao vijiji vyao viliumizwa na vita vyake. Simtetei hata kidogo. Machungu yao yana haki ya kuandikwa kabla ya sifa zake. Ila kampuni ilimlipa posho miaka kadhaa ikijua fika kwamba ana watumwa. Bunduki zilitolewa pale tu alipokataa mrithi iliyemchagua yenyewe.