Seli za Ateri Zinapobadili Kazi

Daktari akisema mshipa wa moyo umeziba, wengi huwaza bomba lililojaa mafuta. Picha hiyo inapotosha. Mafuta yamo, lakini sehemu kubwa ya kizibo hujengwa na seli za ukuta wenyewe, zile za misuli laini, baada ya kuiacha kazi yao ya kukaza na kulegeza mshipa.

Kazi hiyo hutegemea jeni zipi zinasomwa. Ndani ya kiini cha seli, protini iitwayo SRF hushika DNA karibu na jeni za kukaza, ila peke yake haifui dafu. Huhitaji mwenzi, mayokadini, iliyogunduliwa mwaka 2001 katika maabara ya Eric Olson huko Dallas. Ukuta ukijeruhiwa, chembe sahani za damu hutoa kichocheo kiitwacho PDGF, na katika seli ya misuli jeni ya KLF4 huamka. Mayokadini hupungua, SRF huzuiwa kuifikia DNA. Hakuna herufi hata moja ya DNA iliyobadilika, lakini seli sasa inagawanyika, inahamia upande wa ndani wa mshipa, inatengeneza kolajeni, na pengine inameza lehemu mpaka ifanane na seli ya kinga.

Ushahidi mmoja wa mapema unanivutia kuliko yote. Mwaka 1973, Earl na John Benditt wa Seattle walichunguza ateri za wanawake weusi wa Marekani waliokuwa na aina mbili za kimeng'enya cha G6PD, A na B. Ni kimeng'enya hichohicho ambacho upungufu wake hututia hofu tunapompa mgonjwa wa malaria primakwini. Jeni yake imo kwenye kromosomu ya X, na kila seli ya mwanamke hutumia X moja tu; kwa hiyo seli hutoa A au B, si zote mbili. Kwenye ukuta wenye afya walikuta mchanganyiko. Kwenye vizibo vingi walikuta karibu aina moja tupu, dalili kwamba kizibo kizima ni uzao wa seli moja au chache. Miongo minne baadaye, panya ambao seli zao zilitiwa rangi tofauti kwa uhandisi wa jeni walithibitisha kuwa seli chache tu za misuli huzaa kiasi hicho.

Hata hivyo, kuziua seli hizi kungekuwa kosa. Baadhi ya uzao wao hufuma kifuniko cha kolajeni juu ya mafuta. Kifuniko chembamba kikipasuka, damu huganda hapo na sehemu ya moyo hufa. Mwaka 2015, kikundi cha Gary Owens, Virginia, kiliondoa KLF4 katika seli za misuli laini za panya: vizibo vikapungua, vifuniko vikanenepa.

Kwa nini basi hatuizimi KLF4 kwa kidonge? Kwa sababu katika seli zinazotandika uso wa ndani wa ateri ileile, KLF4 hupunguza uvimbe na kuukinga mshipa. Dawa inayofaa italazimika kuifikia seli ya misuli na kuipita jirani yake.