Ulipata B ya fizikia? Hebu jibu swali hili la sarafu

Toa sarafu ya shilingi ishirini mfukoni uirushe juu. Ikifika pale mwisho, kabla tu ianze kushuka, ni nguvu gani inaivuta au kuisukuma? Usiangalie simu. Jibu kwanza.

Kama umesema ni nguvu ya mkono inayoelekea kuisha, karibu kwa chama. Ndivyo nilivyomjibu dadangu mdogo akifanya homuwaki. Anajua nilipata B ya fizikia KCSE, kwa hivyo aliniamini, akaandika hivyo hivyo. Daftari likarudi na alama ya X nyekundu. Tangu hapo maswali yake akawa anampelekea jirani. Manze, iliniuma.

Jibu lenyewe ni rahisi hadi linakera. Ukiweka hewa kando, ni mvutano wa dunia pekee. Mkono ulimaliza kazi yake sarafu ilipotoka kiganjani. Ilizidi kupanda kwa sababu tayari ilikuwa kwenye mwendo, huku dunia ikiipunguzia kasi.

Na usidhani ni shule zetu tu. Mwaka wa 1985, David Hestenes na mwenzake kule Marekani walichapisha mtihani wa maswali ya aina hii, yasiyohitaji hesabu. Profesa Eric Mazur wa Harvard aliwapa wanafunzi wake. Watu waliozoea kumaliza hesabu ngumu wakakwama. Mmoja akamuuliza: nijibu vile umetufundisha, ama vile huwa nafikiria?

Hapo ndipo shida iko. Kichwani tunabeba fizikia mbili. Ya mtihani tulikariri, sheria tatu za Newton neno kwa neno, tukaimwaga kwa karatasi ikaisha. Ya mtaani ilibaki palepale kwa sababu hakuna aliyeigusa. Shuleni kwetu, vifaa vya maabara tulivishika sana mtihani ulipokaribia.

Mazur alibadilisha mbinu. Anauliza swali, kila mtu anachagua jibu, kisha anabishana na aliyeketi kando yake. Wanafunzi wake wakaanza kuelewa zaidi.

Sisi ubishi tunao bure, na maabara pia tunayo: matatu. Dere akifunga breki ghafla unarushwa mbele, lakini hakuna aliyekusukuma. Gari limepunguza mwendo, mwili wako bado uko na kasi ileile. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya Newton. Ukiielewa, utafunga mshipi hata kama hakuna polisi barabarani.

Basi nilimwomba dadangu msamaha, tukachukua sarafu. Safari hii sikumpa jibu. Alikisia, nikampinga, tukabishana hadi mama akatufukuza sebuleni. Wiki mbili baadaye nilimuuliza tena bila kumwonya. Alijibu sawa, na akanieleza kwa nini.

Na wewe, ukiulizwa na mdogo wako leo, usikimbilie kumpa jibu. Mpe sarafu kwanza. Kisha muulize tena baada ya wiki mbili, na ujiulize pia.