Hatua Saba za jumuiya: ile ya nne ndiyo ngumu, na ndiyo inayofundisha kusali

Wengi huanza vizuri. Mtu anaweka alamu saa kumi na moja alfajiri, anafungua Biblia kwenye simu, anasoma mistari miwili, mara inaingia meseji. Wiki ya pili alamu inazimwa na mtu anageukia ukutani.

Kwa Wakatoliki wa Afrika Mashariki, wengi hujifunzia kusali kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo: familia za jirani zinazokutana nyumba kwa nyumba, kwa kawaida mara moja kwa wiki. Maaskofu wa AMECEA walizipa kipaumbele mwaka 1976.

Njia inayojulikana sana huko ni Hatua Saba, iliyotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Wanajumuiya wanamkaribisha Bwana kwa sala, kisha mmoja anasoma Injili. Hakuna mahubiri. Katika hatua ya tatu kila anayetaka anachukua neno au kifungu kilichomgusa, anakitamka polepole, mara mbili tatu. Hata bibi asiyejua kusoma anashiriki, maana anarudia alichosikia.

Halafu inakuja hatua ya nne: kimya.

Ni dakika chache tu, lakini zinaonekana ndefu kweli. Bodaboda inapita, mtoto analia, watu wanamwangalia kiongozi kama vile amesahau zamu yake. Kiongozi mwenye haraka anaanzisha wimbo, na hapo somo lenyewe limekatika. Kwenye kimya hicho ndipo mgeni wa sala anagundua kwamba mawazo kutangatanga ni kawaida. Ada ya shule itakuja kichwani, mboga iliyoachwa jikoni nayo itakuja. Analirudia lile neno, basi. Akiwa peke yake angeshainuka. Akiwa na wenzake, anabaki.

Hatua ya tano ni kushirikishana, na anayeongea anasema kilichomgusa yeye, si kile ambacho wengine wanapaswa kufanya. Ya sita inauliza kazi: nani mgonjwa, nani atamtembelea? Ya saba ni maombi ya kila mmoja.

Kinachobebwa nyumbani ni lile neno moja. Kesho yake mtu anakaa nalo dakika tano kabla ya kugusa simu. Wamonaki wamesali hivi kwa karne nyingi. Guigo wa Pili, katika karne ya 12, aliielezea kama ngazi ya vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kusali na kutulia mbele za Mungu.

Tatizo la jumuiya nyingine ni muda. Wanaanza wamechelewa, michango na matangazo yanakula saa nzima, na cha kwanza kufyekwa ni kimya. Dawa yake haina gharama: michango isubiri mwisho, simu zikae kwenye begi, na mtu mmoja ashike saa ili kiongozi naye apate kufumba macho.