Je, Wajua? Ukuta wa Same mjini si ukuta wa Mamba

Je, wajua kwamba ndani ya Wilaya ya Same lipu ileile inaweza kudumu miaka mjini na kubanduka mapema milimani? Mawingu kutoka Bahari ya Hindi hugonga Milima ya Upare upande wa mashariki, yakapanda na kumwaga mvua huko Mamba na Gonja. Yakivuka Shengena, kilele cha zaidi ya mita 2,400, yamekwisha. Same mjini, upande wa pili, hubaki vumbi na mikonge.

Ukuta wa matofali mabichi hunywa maji na kuyatoa taratibu. Ukiupaka lipu ya saruji, maji yanayoingia kwenye ufa mdogo hukosa pa kutokea. Udongo unalainika nyuma ya lipu. Ugonge kwa kidole: ukisikia mlio wa debe tupu, lipu imeshaachana na tofali na itaanguka vipande vipande. Lipu ya udongo, au ya chokaa, huliacha tofali lipumue, ingawa ya udongo hutaka kukandikwa upya mara kwa mara.

Tofali la kuchoma hustahimili zaidi, lakini kuni zake zinatoka wapi?

Kinachoumia kwanza ni ile futi moja ya chini, matone ya bati yanaporuka kutoka ardhini na kuacha mstari mwekundu wa tope. Kwa hiyo kabla ya kununua rangi ya bei kubwa, jenga msingi wa mawe uliopanda juu ya ardhi, na paa litokeze vizuri nje ya ukuta.