Biashara ya Hewa ya Ukaa: Miti Huuzwa Kivuli, Utu Hauuzwi

Wakulima wengi wa skimu huuliza: Je, ni kweli kwamba mti ukiachwa usimame waweza kuleta fedha kutoka Ulaya na Marekani? Jibu ni ndiyo. Lakini liko swali la pili, nalo ni kubwa zaidi: Fedha hizo zikija, mtu wa kawaida atalindwa na nani? Tutayaeleza yote mawili kwa mfano wa Kasigau, katika Kaunti ya Taita Taveta.

BIASHARA HII NI NINI?

Mti unapokua huvuta hewa ya ukaa na kuiweka katika shina, mizizi na udongo. Ukikatwa na kuchomwa makaa, hewa hiyo hurudi angani na kuongeza joto la dunia. Yako makampuni ya ng'ambo ambayo, badala ya kupunguza moshi wao wote, hulipa ili msitu wa mahali pengine usikatwe. Kila tani moja ya hewa iliyozuiwa huandikiwa hati moja, na hati hiyo ndiyo iuzwayo.

Huko Kasigau, kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, kampuni ya Kimarekani iitwayo Wildlife Works ilianzisha mradi wa namna hii katika nchi ya vichaka ya kiasi cha hekta 200,000, sehemu kubwa ikiwa ni ranchi za wenyeji. Mwaka 2011 ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa kulinda msitu kupewa hati kwa kanuni za shirika la Verra. Muda wake ni miaka 30. Shell na Netflix ni miongoni mwa walionunua hati hizo. Fedha zake zimewafikia wenye ranchi, zimelipa mishahara ya askari wa wanyama, na zimesaidia kazi za maji na basari za watoto. Mema hayo hayakataliwi.

YALIYOFICHUKA

Mnamo Novemba 2023, shirika la haki za binadamu la Kenya, KHRC, pamoja na SOMO, shirika la uchunguzi la Uholanzi, yalitoa ripoti nzito. Wafanyakazi na wanavijiji waliohojiwa walisema kwamba kwa muda wa miaka zaidi ya kumi baadhi ya wanaume wenye vyeo katika mradi waliwasumbua wanawake, wakiwataka kimwili ili wapate kazi, wapandishwe cheo au watendewe vyema. Verra ilianza kuuchunguza mradi na kuusimamisha kwa muda. Kampuni ilikuwa imeweka mawakili wachunguze; ikasema makosa yaliyothibitika yalikuwa ya watu wawili, nao wakafukuzwa kazi.

Mwaweza kuuliza: Iweje jambo la miaka mingi lisijulikane, nao wakaguzi walikuwa wakija? Sababu si ngumu kuziona. Kwanza, Kasigau ni nchi ya ukame, tembo hula mazao, na kazi za mshahara ni chache. Mama mwenye watoto shuleni hawezi kuuacha mshahara kwa wepesi. Pili, mtu akionewa na mkubwa wake, kisha malalamiko yapelekwe katika ofisi ya mkubwa yule yule, atanyamaza. Tatu, mkaguzi huchaguliwa na kulipwa na mwenye mradi. Huja kwa siku chache, huhesabu miti, kisha huondoka. Miti haiogopi kupimwa. Mtu aliyeonewa huogopa kusema mbele ya wakubwa.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe maandishi yanayokataza usumbufu wa kimapenzi na kueleza jinsi ya kulalamika. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 humshitaki mwenye mamlaka atumiaye cheo chake kwa ubaya huo. Mkataba wa miti hauwezi kuzifuta sheria hizi.

Juu ya ardhi ya jamii, Sheria ya mwaka 2016 yasema mkataba na mwekezaji ni lazima ukubaliwe na theluthi mbili ya watu wazima katika mkutano ulioitwa kwa shauri hilo. Watu wa Kasigau wanajua uchungu wa shauri kukatwa bila wao. Mwaka 1915, wakati wa vita na Wajerumani, Waingereza waliwahamisha kwa nguvu hadi Malindi, na wengi wakafia huko.

Tena, Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2023, yasema mradi wa ardhi ya umma au ya jamii uwe na mapatano ya maendeleo, na jamii ipate si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliopita, baada ya kutoa gharama. Angalieni maneno hayo ya mwisho. Mradi ukipata shilingi milioni 10 na gharama zikiwa milioni 2, jamii itapata milioni 3.2. Gharama zikiandikwa milioni 9, jamii itapata 400,000 tu. Kwa hiyo ombeni kuona daftari la gharama.

Mwenye shamba lake na hati yake asitegemee asilimia hiyo, kwa maana yahusu ardhi ya umma na ya jamii. Kinga yake ni mkataba wenyewe.

KABLA YA KUTIA SAHIHI, ULIZA:

1. Mkataba ni wa miaka mingapi, na mtoto wangu atakayerithi atafungwa nao?
2. Je, nitaruhusiwa kuchunga, kuokota kuni na kulima?
3. Nani ataona hesabu, na lini?
4. Nani huajiri, na malalamiko hupelekwa kwa nani aliye nje ya mradi?
5. Je, kina mama wamo katika kamati, na wakaguzi watazungumza nao faraghani?

Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha aijuayo, na mtu asiyelipwa na kampuni.

MTU AKITENDEWA UBAYA

Aliyenajisiwa afike hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kuzuia Ukimwi. Asioge, wala asifue nguo alizovaa. Apige ripoti polisi, ama apige simu 1195, ambayo ni ya bure. Nao majirani wasimlaumu. Mficha maradhi, kifo humfichua.

Ndugu wakulima, mti ni mali, na fedha halali za mti si za kukataliwa. Lakini mradi ambao binti wa kijiji huogopa kuomba kazi humo, hata uwe umehifadhi misitu mingi namna gani, bado haujawafaa wenye nchi. Kaguzeni miti, na watu pia.